Mavi ya ng'ombe, makapi, utelezi au mafuta ya alizeti: uchanganye nini kwenye lipu ya udongo Dodoma

Lipu ya udongo huharibika kwa njia tatu. Hupasuka inapokauka, hutoa vumbi inaposuguliwa, na huyeyuka inapopigwa na mvua. Hayo ni maradhi matatu na kila moja lina dawa yake. Kwenye nyumba nyingi za tofali bichi na za miti kuanzia Bahi hadi Kongwa, kosa ni lile lile: dawa ya ugonjwa mmoja imepewa ugonjwa mwingine. Ukuta wa ndani unatoa vumbi, mwenye nyumba anaongeza makapi. Ukuta wa nje unaliwa na mvua, anaongeza uji wa unga. Kazi inafanyika, jasho linatoka, na masika yakiisha ukuta umerudi ulipokuwa.

Viungo vyenyewe ni vya kale. Kitabu cha Kutoka, sura ya 5, kinasimulia Waisraeli kule Misri wakinyimwa majani ya kutengenezea matofali na kuambiwa wakayatafute wenyewe. Msikiti mkuu wa Djenné nchini Mali, ambao jengo lake la sasa ni la mwaka 1907, husiribwa upya kwa udongo uliochachushwa na pumba za mpunga. Huko Tiébélé, Burkina Faso, kuta zilizochorwa hulindwa kwa maji yaliyochemshwa na maganda ya matunda ya mti wa nere. Meksiko wanatumia utelezi wa mpungate, ule mmea wa miiba wenye mapande mapana. Wagogo walisiriba tembe zao kwa udongo na mavi ya ng'ombe. Kila watu walichukua kilichokuwa karibu na mlango wao, na sisi tutalinganisha kwa msingi huo: vitu vinavyopatikana kanda ya kati bila kuagiza mbali.

Kabla ya kiungo, udongo

Hakuna kiungo kinachookoa udongo mbaya, kwa hiyo anza hapa. Chukua chupa angavu ya lita moja na nusu, jaza udongo hadi theluthi, ongeza maji na chumvi kidogo, tikisa kwa nguvu, kisha iache. Mchanga hukaa chini ndani ya dakika ya kwanza, tope laini hufuata kwa saa chache, na mfinyanzi hutulia juu kabisa siku ya pili. Kwa lipu unataka mfinyanzi uwe kati ya sehemu moja ya sita na moja ya nne ya udongo wote.

Kipimo cha pili hakitaki chupa. Kanda udongo, uviringishe uwe kamba yenye unene wa kidole gumba, uiweke mezani na kuisukuma polepole ipite ukingo mpaka ikatike. Kipande kikikatika kabla ya sentimita 5, udongo una mchanga mwingi mno. Kati ya 5 na 15 unafaa. Ukipita 15 bila kukatika, mfinyanzi umezidi. Ongeza mchanga wa korongo.

Udongo mweusi wa mbuga uache shambani. Huvimba ukilowa na kusinyaa ukikauka, na hakuna kiasi cha nyasi kitakachouzuia kupasuka. Udongo mwekundu wa miinuko ndio wa kutafuta. Udongo wa kichuguu nao ni mzuri kama nyongeza ya mfinyanzi kwa udongo wa kichanga, kwa sababu mchwa ameshauchambua ukawa laini na kuugandisha kwa mate yake. Uponde, uchekeche, changanya ndoo moja kwa ndoo tatu za udongo wa kawaida, kisha rudia kipimo cha kamba.

Na onja maji. Visima vingi vya Dodoma vina maji ya chumvi. Chumvi hiyo hubaki ndani ya lipu, husafiri kuja usoni maji yanapokauka, na hutoka kama unga mweupe unaosukuma lipu ibanduke vipande vipande. Maji ya mvua au ya bomba ni bora kwa tabaka la mwisho.

Viungo vikiwekwa bega kwa bega

Kiasi kilichoandikwa ni kwa ndoo 4 za lita 20 za udongo na mchanga vikiwa vimeshachanganywa.

| Kiungo | Kinachotibu | Kiasi | Kikwazo |
|---|---|---|---|
| Mavi mabichi ya ng'ombe | nyufa ndogo, vumbi, mvua ya kawaida | ndoo 1. Tabaka la mwisho hadi 2 | siku za kuchachusha, usafi |
| Makapi ya uwele au mtama, nyasi kavu | nyufa kubwa | ndoo 1½ hadi 2 | mchwa. Uso mbaya |
| Katani | nyufa za pembeni na kwenye maungio | nusu kilo | hujiviringa zikiwa ndefu |
| Uji wa unga | vumbi | lita 4 hadi 6 | ukungu, panya. Ni chakula |
| Utelezi wa mpungate | vumbi, ulaini wa kazi | mahali pa nusu ya maji au yote | hutaka siku 3 hadi 7 |
| Maji ya tanini (ya magome na maganda ya migunga) | mvua | hupakwa juu mara 2 au 3 | hutia rangi nyeusi |
| Mafuta ya alizeti | maji | lita 1, tabaka la mwisho tu | hudhoofisha yakizidi; huziba |

Mavi ya ng'ombe

Kama utachagua kiungo kimoja tu, chagua hiki. Ndicho pekee kwenye orodha kinachogusa maradhi yote matatu, na katika mkoa wa wafugaji gharama yake ni kuamka mapema. Vunja donge bichi la ng'ombe aliyechunga nyasi kavu: utaona nyuzi fupi nyembamba kama nywele, nyingi kuliko unavyoweza kuhesabu. Tumbo la ng'ombe limekwisha kuzikata na kuzilainisha kwa kiwango ambacho panga haliwezi. Nyuzi hizo hushika nyufa ndogo ambazo makapi marefu huziruka. Kati ya nyuzi kuna ute, na ute huo ndio gundi. Utafiti uliofanywa kwa udongo wa Burkina Faso umeonyesha pia kwamba mavi hukutana na madini ya mfinyanzi na kufanya kitu kipya kisichoyeyuka majini, kinachogandisha chembe za udongo pamoja. Ndiyo maana ukuta uliosiribwa kwa mavi hustahimili mvua kuliko ukuta wenye nyasi peke yake.

Chagua mabichi, ya siku moja au mbili, na uyaokote malishoni au asubuhi kabla zizi halijakanyagwa. Samadi iliyokwanguliwa sakafuni mwa zizi imelowa mkojo kwa miezi, na mkojo una chumvi. Utapata ule ule unga mweupe wa maji ya kisima. Ng'ombe anayelishwa mashudu na pumba hutoa mavi mororo yasiyo na nyuzi za kutosha. Mavi ya punda yana nyuzi ndefu zaidi kwa sababu punda hacheui, kwa hiyo yanafaa tabaka la chini, huku ya ng'ombe yakibaki kwa tabaka la juu.

Utaratibu: loweka mavi kwa maji yanayolingana nayo, koroga mpaka madonge yaishe, mimina kwenye udongo uliochekechwa, kanda kwa miguu, funika kwa turubai kivulini siku 3 hadi 7. Kila siku geuza na kuongeza maji kidogo. Vijidudu hula sukari za majani na kuacha ute unaonata. Mchanganyiko unageuka kuwa laini, unavutika, na hauachi mkono kirahisi. Harufu itakuwa kali siku za katikati. Ikikauka ukutani, inaondoka. Mchanganyiko ulioachwa wiki tatu juani bila kugeuzwa hukauka juu na kuoza chini, na ukipigwa utatoka mabakamabaka.

Mavi yakizidi ndoo 2 kwa ndoo 4, lipu inakuwa nyepesi na nyororo mno, kucha inaingia. Na tafadhali, asiyevaa glavu asikande akiwa na kidonda mkononi au mguuni. Pepopunda haina mzaha, na vidudu vyake hukaa kwenye kinyesi cha wanyama.

Makapi, nyasi na katani

Kazi ya nyuzi ndefu ni moja: kugawa ufa mmoja mkubwa uwe nyufa mia zisizoonekana. Hazigandishi, hazizuii maji. Kwenye tabaka la kwanza, lenye unene wa milimita 15 hadi 25, tumia nyasi zilizokatwa urefu wa sentimita 5 hadi 10. Kwenye tabaka la pili, la milimita 8 hadi 10, tumia makapi ya uwele au mtama, au nyasi za sentimita 2 au 3. Tabaka la mwisho lisipate nyasi ndefu kabisa. Zitachomoza na kila moja itakuwa njia ya maji.

Nyasi ziwe kavu na zenye rangi ya dhahabu. Zilizoshika weusi wa ukungu tayari zimepoteza nguvu. Mchwa ndiye adui mkubwa hapa Dodoma: ukuta uliokaa moja kwa moja juu ya ardhi, bila msingi wa mawe, humpa barabara ya kupanda. Ataifuata nyasi ndani ya lipu na kuiacha ikiwa na mashimo. Katani ina nguvu kubwa zaidi kuliko nyasi. Mkonge uliopandwa mpakani mwa shamba unatosha nyumba ndogo, ingawa utashangaa jinsi jani zito linavyotoa nyuzi chache: takriban sehemu 4 kwa 100 za uzito wake. Kata sentimita 3 hadi 5. Ukiacha ndefu, zitajifunga mafundo kwenye koleo. Mahali pake hasa ni pembe za milango na madirisha na pale tofali linapokutana na mti.

Manyoya ya mbuzi yanafanya kazi kama katani. Yasitoke kwenye ngozi iliyotiwa chumvi.

Gundi: uji na utelezi

Uji wa unga wa muhogo au ngano unagandisha vizuri. Koroga robo kilo ya unga katika nusu lita ya maji baridi, mimina kwenye lita moja na nusu inayochemka, koroga mpaka ung'ae na upoteze weupe. Lita moja hadi moja na nusu kwa ndoo ya tabaka la mwisho huondoa vumbi kabisa. Lakini huyeyuka mvuani, huota ukungu chumba kikikosa hewa, na huita panya na mende. Kuna jambo zito zaidi. Huu ni mkoa ambao mvua ikikosea, watu wanahesabu madebe ghalani. Kupaka chakula ukutani wakati utelezi unapatikana bure hakupendezi, na sisi hatulishauri.

Utelezi ni nini, mla mlenda hana haja ya kufundishwa. Zile nyuzi zinazovutika kutoka bakulini ni sukari ndefu zinazoshika maji, na zikikauka kati ya chembe za mfinyanzi huzifunga. Majani ya mbuyu yana utelezi huo, bamia inao, na mpungate unao mwingi kuliko vyote. Ondoa miiba kwa moto au kisu, katakata vipande vya ukubwa wa kidole, jaza nusu ndoo, ongeza maji mpaka ijae, funika siku 3 hadi 7. Chovya kijiti: kikitoka na uzi unaoning'inia, ute uko tayari. Chuja, tumia badala ya maji ya kukandia. Mchanganyiko utateleza chini ya mwiko na kuchelewa kukauka, na katika upepo wa Dodoma huko kuchelewa ni faida kubwa.

Hapa pana hatari ya kweli. Mnyaa, ule wa kijani wa vijiti vya mviringo tunaoupanda kama ua, si mpungate. Utomvu wake mweupe huchoma ngozi na unaweza kumpofusha mtu ukiingia jichoni. Mmea ukitoa maziwa unapokatwa, uache.

Gundi ya mgunga inayeyuka kwenye maji ya uvuguvugu, sehemu 1 kwa 10, na hupakwa kwa brashi juu ya ukuta wa ndani uliokwisha kukauka. Nje haifai, mvua ya kwanza inaichukua.

Kinga ya maji: tanini na mafuta

Hapa ndipo wengi hukosea, kwa hiyo twende taratibu. Mafuta na tanini vyote hupunguza kunyonya maji, lakini kwa njia tofauti.

Tanini iko kwenye magome na maganda ya mbegu za migunga kadhaa, zile zile zilizotumika kulainishia ngozi. Chemsha kilo moja ya maganda yaliyopondwa katika lita 10 za maji mpaka ibaki nusu, nyeusi kama chai ya rangi iliyosahaulika jikoni. Paka kwa brashi mara mbili au tatu juu ya lipu kavu ya udongo mwekundu, ukiacha siku kati ya mkono na mkono. Udongo mwekundu una chuma, tanini hushikana na chuma, na uso unakuwa mgumu na kugeuka rangi nyeusi au kahawia. Ukuta unaendelea kupumua. Kwenye udongo mweupe au wa kijivu usio na chuma, faida ni ndogo. Ukichemshia kwenye sufuria ya chuma rangi itazidi kuwa nyeusi. Kama hutaki, tumia ya aluminiamu. Kila baada ya masika moja au mawili, rudia.

Mafuta ya alizeti tunayo, Singida na Dodoma ni nyumbani kwake. Hata hivyo si sawa na mafuta ya kitani yanayosifiwa kwenye vitabu vya nje. Ya kitani hukauka na kuwa ngozi ngumu. Ya alizeti hukauka nusu tu, tena polepole, na yakipakwa mazito hubaki yananata wiki nyingi na kukamata vumbi. Ndani ya mchanganyiko usizidishe robo lita kwa ndoo ya lita 20. Juu ya uso, yapashe moto, paka mkono mwembamba, futa yaliyobaki baada ya nusu saa, subiri yakauke kabla ya mkono wa pili. Matambara yaliyolowa mafuta yaanikwe yakiwa yametandazwa, maana yakirundikwa yanaweza kupata joto hadi kuwaka.

Mahali pa mafuta ni kizingiti cha dirisha, baraza la kukalia, juu ya ukuta mfupi wa ua, sakafu. Mahali ambapo hayafai ni chini ya ukuta unaovuta unyevu kutoka ardhini. Hapo maji yanapanda, yanakutana na uso uliozibwa, yanaacha chumvi nyuma yake, na lipu inafunguka kama ganda la yai. Saruji juu ya tofali bichi inafanya kosa hilo hilo kwa nguvu zaidi: ni ngumu wakati ukuta unacheza, haipumui wakati ukuta una unyevu. Ukiigonga unasikia uwazi, na siku ikianguka huondoka na sehemu ya tofali.

Ukuta upi, kiungo kipi

Ukuta wa nje wenye bati lililotokeza sentimita 60 au zaidi: tabaka la nyasi, tabaka la makapi, kisha tabaka la mwisho la milimita 2 au 3 la udongo uliochekechwa kwa wavu wa mbu na mavi yaliyochachuka. Inatosha. Ukuta wa nje ambao bati lake limekatwa fupi: hayo hayo, pamoja na maji ya tanini. Bati likiwa fupi sana, tumia fedha kwenye bati kwanza.

Chumba cha kulala: makapi chini, utelezi juu, mavi si lazima. Jikoni: mavi, kwa sababu ukuta husuguliwa na kukandikwa upya mara kwa mara, na mavi hushikana na mavi bila shida. Sentimita 50 za chini nje, ambako matone hurukia: mawe au tofali za kuchoma, si kiungo chochote cha orodha hii.

Kabla ya kuamua, paka viraka kwenye ukuta wenyewe, sentimita 30 kwa 30, kila kimoja na mchanganyiko wake, na uandike namba. Subiri wiki. Pitisha kitambaa cheusi kuona vumbi. Kwa maji, tengeneza kigae cha mchanganyiko ule ule na ukitumie kwa kipimo cha Geelong, Australia: kiinamishe kidogo, dondoshea mililita 100 za maji tone kwa tone kutoka kimo cha sentimita 40, kwa muda usiozidi saa moja. Shimo likifika kina cha milimita 15, mchanganyiko huo usiende nje.

Wakati mzuri wa kupiga lipu ni Mei hadi Julai. Mvua zimekatika, maji bado yapo, na baridi ya kipupwe inaikausha lipu polepole. Kuanzia Agosti upepo na jua hukausha uso kabla ya tumbo, na hata mchanganyiko mzuri hupasuka. Ukilazimika, piga jioni, lowesha tofali kwanza hadi liache kunyonya, na tundika magunia mabichi mbele ya ukuta siku mbili. Tabaka la pili lingoje la kwanza likauke kabisa, kisha lowesha tena. Ukibandika lipu mbichi juu ya mbichi, zote mbili zitateremka.

Kazi ikiisha, anika kipande cha mchanganyiko ule ule, kiponde, kiweke gunia moja mahali pakavu. Mwakani, penye kovu, loweka usiku mmoja na uzibe asubuhi: rangi itafanana na kiraka hakitaonekana.